Laini mbili za intaneti na majibu yanayopotelea njiani: uzi wa wenye mitandao Kisumu, Nakuru na Magharibi

#1 LangoLaMilimani (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Kuna swali linalorudi kwenye kila kundi la mafundi wa huku. Mtu ana laini mbili za intaneti kutoka kwa watoa huduma wawili, amezichomeka zote kwenye ruta moja, halafu mambo yanakuwa mabaya kuliko alipokuwa na moja. Tovuti ya benki inamtoa nje katikati ya malipo. Simu za ofisi zinaita vizuri lakini ukipokea husikii mtu. Kamera za ghala zinaonekana ukiingilia laini ya kwanza, ukiingilia ya pili kimya. Anampigia mtoa huduma, anaambiwa laini iko sawa. Na kweli laini iko sawa.

Nichukue mfano wa ofisi ya kawaida hapa mjini, pande za Oginga Odinga Street. Laini A ni faiba. Laini B ni ya antena ya juu ya paa. Ruta ina njia ya msingi moja kuelekea A, na B imewekwa kama akiba. Kamera imefunguliwa mlango (port) kwenye ruta ili mwenye mali aione akiwa nyumbani.

Mwenye mali akiingilia anwani ya B, pakiti yake, yaani kipande cha data, inafika ndani bila shida. Kamera inajibu. Jibu linafika kwenye ruta, na ruta inafanya ilichofundishwa: inatazama pakiti inakwenda wapi, haitazami ilitoka wapi. Jedwali la njia linasema kila kinachokwenda nje kipite A. Basi jibu linatoka kwa mlango wa A likiwa limebeba anwani chanzo ya B.

Mtoa huduma A akiona pakiti inatoka kwa mteja wake na anwani isiyo yake, ana haki ya kuitupa. Huo ni utaratibu wa zamani, umeandikwa kwenye RFC 2827, waraka wa kanuni za intaneti wa Mei 2000, kwa lengo la kuzuia watu wanaoghushi anwani ili kushambulia wengine. Kuna watoa huduma wanaoufuata na kuna wasioufuata. Ndiyo maana fundi mmoja atakuapia kwamba mpangilio wake unafanya kazi bila chochote cha ziada, na mwenzake aliyenakili mpangilio uleule neno kwa neno unamkatalia. Wameungana na watoa huduma tofauti, basi.

Dawa ni kuifanya ruta ikumbuke. Muunganisho ukiingilia B, uwekewe alama, na kila jibu lenye alama hiyo lisomwe kwenye jedwali la pili ambalo njia yake ya msingi ni B. Kwenye ruta za MikroTik ni kazi ya mangle (kanuni za kuweka alama) na routing table (jedwali la njia), na kwenye toleo la 7 lazima jedwali uliunde kwanza, tofauti na toleo la 6. Kwenye Linux ni `ip rule`, jedwali la ziada na connmark, yaani alama ya muunganisho. Mkitumia Linux tazameni pia `rp_filter`, ukaguzi wa njia ya kumrudia mtumaji. Ikiwa kwenye 1, kernel (kiini cha Linux) yenyewe inatupa pakiti iliyoingilia B kwa sababu njia bora ya kumrudia mtumaji iko A, na fayawoli haitakuambia ilitupwa wapi. Iwekeni 2.

Leteni visa vyenu.

#2 SaibaSection58 (Nakuru)

Umenigusa, fundi. Mimi saiba yangu inaishi kwa fomu za serikali na malipo ya benki. Nina laini mbili za bei rahisi, nikaona nizigawie mzigo nusu kwa nusu. Speed ilipanda kweli. Lakini mteja akifika ukurasa wa mwisho kabisa anaambiwa aingie upya. Wameanza kusema mashine zangu zina virusi, na jirani yangu ambaye ana laini moja mbovu anachukua wateja.

Nimetumia PCC, kanuni ya MikroTik ya kugawa miunganisho kwenye laini, ile ya `both-addresses-and-ports`. Niliambiwa ndiyo inayogawa vizuri zaidi.

#3 LangoLaMilimani (Kisumu)

@SaibaSection58 aliyekuambia hakukudanganya, inagawa vizuri zaidi. Shida ni kwamba inagawa vizuri kupita kiasi.

Kivinjari kikifungua tovuti hakifungui muunganisho mmoja, kinafungua kadhaa, na kila mmoja una namba yake ya mlango upande wa mteja. Ukigawa kwa kutumia milango, miunganisho ya mteja yuleyule kwenda tovuti ileile inatawanyika A na B. Tovuti ya benki inaona mtu aliyeingia kwa anwani moja sasa anatuma fomu kwa anwani nyingine. Kwa macho yake huo ni wizi wa sesheni, na inamtoa. Ni sawa na mtu aliyeanza kukupigia kwa nambari anayoijua, halafu katikati ya kukutajia PIN sauti ikaendelea kutoka nambari ngeni. Nawe ungekata.

Badilisha iwe `both-addresses`. Hapo mashine moja kwenda seva moja itabaki laini moja. Mgawanyo utakuwa wa hovyo kidogo, wateja wawili wazito wanaweza kuangukia laini moja, lakini fomu zitakamilika. Kwa saiba ningekwenda mbali zaidi: `src-address`, kila mashine na laini yake, kwa sababu benki nyingine ukurasa wa kuingia uko seva moja na malipo yako seva nyingine, na `both-addresses` inaweza kuzitenganisha.

Halafu kagua fasttrack. Hiki kitu kimewapotezea watu siku nzima. Fasttrack inaharakisha muunganisho kwa kuuvusha nje ya mangle, na mangle ndiyo inayoweka alama ya njia. Pakiti za kwanza zinapita njia sahihi, kisha fasttrack inashika, alama inapotea, zinazofuata zinarudi kwenye jedwali kuu. Dalili yake ni ukurasa unaoanza kufunguka halafu unaganda. Kwenye kanuni ya fasttrack weka `connection-mark=no-mark`, ili miunganisho yenye alama iachwe.

#4 FundiMkali (Kondele)

Mimi nawaonea huruma. Kugawa mzigo ni starehe ya watu wenye muda. Mteja wangu nampa laini moja kuu, ya pili inalala, ya kwanza ikifa ya pili inaamka. Hakuna mangle, hakuna PCC, hakuna kupigiwa simu saa nne usiku. Metric 1, metric 2 (namba za kipaumbele cha njia), nimeenda nyumbani.

#5 LangoLaMilimani (Kisumu)

Omera, kwa biashara ndogo nakuunga mkono, na mara nyingi hiyo ndiyo ninayowashauri watu. Ila nikuulize: ya kwanza ikifa, ruta yako inajuaje?

Laini nyingi hazifi kwenye kebo inayoingia ofisini. Taa ya kisanduku cha faiba inabaki kijani, lango la mtoa huduma linajibu, na kilichokatika kiko mbali, Londiani huko au Nairobi. Ukiweka `check-gateway=ping` (ruta kujaribu kama lango linajibu) juu ya lango la karibu, ruta itaendelea kuamini laini ni nzima huku ofisi yote imesimama.

Kinachosaidia ni kupima kitu kilicho nje kabisa. Unachagua anwani ya mbali, tuseme 8.8.8.8, unaifungia njia ya A pekee, kisha njia yako ya msingi unaielekeza kwa 8.8.8.8 badala ya lango la A. MikroTik inapima kila sekunde 10, na ikikosa jibu mara mbili inaiondoa njia.

Sasa hapa kuna mtego. Ile anwani umeifungia A. A ikifa, anwani hiyo haifikiki tena, hata B ikiwa nzima. Kama kompyuta za ofisi zinatumia 8.8.8.8 hiyohiyo kama DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), laini imehamia B vizuri kabisa lakini watu wanaona hakuna intaneti. Utakuja, utapiga ping nje, itajibu, utaondoka ukisema wameanza kuota. Anwani ya kupimia isiwe ile ya DNS ya watu. Na ziwe mbili, maana hata hizo kubwa huwa hazijibu kuna wakati.

Kwenye DNS hapohapo: msitumie DNS ya mtoa huduma A kwa watu wanaotokea B. Nyingi zinakataa kumjibu asiye mteja wao.

#6 FundiMkali (Kondele)

Sawa, la kupima nje nimelichukua. Na simu je? Nina mteja, kliniki, laini ikihamia kila kitu kinarudi isipokuwa simu za mezani. Mpaka wazime ruta na kuwasha.

#7 LangoLaMilimani (Kisumu)

Simu zao ni SIP (simu za intaneti) juu ya UDP (usafirishaji usiosubiri uthibitisho wa kupokelewa), bila shaka. Ruta inaweka kumbukumbu ya kila muunganisho, ikiwemo anwani ya nje iliyoupa. Simu ya mezani kila baada ya muda mfupi inatuma kijipakiti cha kusema bado nipo. Kile kijipakiti kinaifufua kumbukumbu ya zamani kabla haijaisha muda. Kwa hiyo laini imehamia B, lakini simu bado inatoka na anwani ya A iliyobaki kwenye kumbukumbu, na B anaitupa kama nilivyoeleza mwanzo. Inaweza kudumu hivyo mchana kutwa. TCP, inayosubiri uthibitisho, ingekwama, ikavunjika, ikaanza upya. UDP haina habari.

Kuzima ruta kunafuta kumbukumbu, ndiyo siri ya dawa yenu. Badala yake weka skripti fupi: njia ikibadilika, futa miunganisho ya UDP kwenda seva ya simu. Na A ikirudi, futa tena, la sivyo simu zitabaki kwenye akiba.

#8 MwalimuWaMaabara (Kakamega)

Asanteni kwa somo. Mimi nashughulikia mtandao wa chuo. Tuna laini mbili, na tuna seva zetu wenyewe: tovuti, barua pepe, mfumo wa masomo. Shida yetu si kutoka, ni watu wa nje kutufikia. Laini moja ikikatika, jina la tovuti bado linaelekeza kwenye anwani iliyokufa. Tumepunguza muda wa DNS lakini kuna wanaoendelea kushikilia anwani ya zamani. Nasikia suluhisho ni BGP (itifaki ambayo mitandao hutangaziana njia) na anwani zetu wenyewe. Je, ni jambo la kufikirika kwa taasisi ya ukubwa wetu, au ni la makampuni?

#9 AS_Mtaani (Kisumu)

Mwalimu, shikamoo. Hili nimelifanyia kazi upande wa watoa huduma, acha nijibu kwa urefu.

Linafikirika. Unahitaji namba ya AS (kitambulisho cha mtandao wako kwenye BGP) na bloku ya anwani, vyote kutoka AFRINIC, msajili wa anwani za Afrika aliyeko Mauritius. Kwa IPv4, anwani za mfumo wa zamani, bloku ndogo inayopokelewa duniani ni /24, yaani anwani 256. Ukitangaza /25, iliyo nusu yake, wengi wataichuja na hutaonekana. AFRINIC tangu Januari 2020 wako kwenye awamu ya pili ya kugawa kwa kubana, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya /22 kwa mara moja. Kwa chuo /24 inatosha. Kwa IPv6, mfumo mpya, kiwango kinachokubalika ni /48, na hiyo haina uhaba.

Njia nyingine ni kuazima /24 ya mtoa huduma A na kuitangaza pia kupitia B, kwa barua ya idhini. Nafuu ya karatasi, lakini siku ukihama A unabadilisha anwani za seva zote. Pia hakikisha A amekuandikia ROA (hati inayosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza bloku) kwenye RPKI (mfumo wa vyeti wa kuthibitisha hilo) inayoitambua AS yako na urefu wa /24. Akiwa ameandikisha bloku yake kubwa kwa AS yake peke yake, tangazo lako litahesabika batili, na mitandao inayochuja batili itakutupa. Kinachoudhi ni kwamba utafikika na baadhi ya dunia na baadhi haitakuona, na hakuna atakayekuambia kwa nini.

Hiyo ni ya mlangoni. Ugumu wenyewe ni huu: trafiki inayotoka unaiamulia wewe. Inayoingia wanaiamua wengine.

Tuseme A ni faiba ya nguvu na B ni ndogo ya akiba. Unataka wote waingilie A. Vitabu vinasema urefushe njia kupitia B kwa kurudia AS yako mara tatu au nne, ili dunia ione B iko mbali. Utafanya hivyo, na bado sehemu kubwa itaingilia B. Sababu: kwenye BGP, upendeleo wa ndani unaangaliwa kabla ya urefu wa njia. Mtoa huduma B, kama karibu wote, anampendelea mteja anayemlipa kuliko njia ya kupitia kwa mwenzake. Kwa hiyo wateja wote wa B, na wateja wa wateja wake, watakufikia kupitia ile laini ndogo hata ukirudia AS yako mara ishirini. Lazima umwombe B akupe community (lebo unayoibandika kwenye tangazo lako) ya kushusha upendeleo huo kwenye mtandao wake. Muulize kabla ya kutia sahihi mkataba. Akikuuliza community ni nini, tafuta mwingine.

Ukiwa na /23, yaani /24 mbili, una nguvu zaidi. Unaitangaza nzima pande zote mbili, kisha A unaongeza /24 mbili. Bloku ndogo daima inashinda kubwa bila kujali mengine. Nguvu hiyo ndiyo iliyoiangusha YouTube tarehe 24 Februari 2008: Pakistan Telecom ilitaka kuizuia nchini mwake, ikatangaza /24 ndani ya /22 ya YouTube, tangazo likavuka mpaka, na dunia ikaelekea Pakistan.

#10 AS_Mtaani (Kisumu)

Naendelea, nilikatwa na stima.

Jambo moja ambalo mwenye laini mbili lazima alitii: usimpe A njia ulizofundishwa na B, wala B za A. BGP bila vichujio itafanya hivyo yenyewe kwa uaminifu mkubwa, na chuo cha Kakamega kitajikuta daraja kati ya watoa huduma wawili.

Mnacheka lakini imetokea kwa wakubwa. Tarehe 24 Juni 2019 kampuni ya chuma ya Marekani, Allegheny Technologies, ilikuwa na laini mbili kama nyinyi, za watoa huduma DQE na Verizon. DQE walikuwa na programu ya kuboresha njia iliyokuwa ikivunja bloku za watu vipande vidogo kwa matumizi ya ndani. Vipande vikamfikia mteja, mteja akavipeleka Verizon, Verizon wakavipokea bila kuchuja na kuvisambaza. Cloudflare na Amazon zikaanza kupitia kiwanda cha chuma. Huku Afrika, tarehe 12 Novemba 2018, MainOne ya Nigeria ilivujisha njia za Google kwa China Telecom, na kwa dakika 74 trafiki ya Google ikapotelea Urusi na China. Walisema ni kosa la mpangilio wakati wa kuboresha mtandao.

Kwa hiyo kichujio chako cha kutoka kiwe kifupi: naruhusu bloku yangu, kila kingine hapana. Kama mtoa huduma naye hajakuwekea kichujio upande wake na kikomo cha idadi ya njia, mwambie aweke.

Na msiitishe jedwali zima la dunia kama ruta ni ndogo. Agosti 2014 jedwali lilipovuka njia 512,000, ruta nyingi za zamani zilijaa na kuanza kuyumba. Sasa lina takriban njia milioni moja. Omba njia ya msingi tu kutoka kila upande, au njia ya msingi pamoja na njia za ndani ya Kenya.

#11 SaibaSection58 (Nakuru)

Hii ya BGP nimeisoma kama gazeti la nchi nyingine, lakini nimeipenda.

#12 MwalimuWaMaabara (Kakamega)

Marahaba, na asante sana AS_Mtaani. Nimeuliza kuhusu community. Mmoja alijibu siku hiyohiyo na orodha kamili. Mwingine alinielekeza kwa idara ya mauzo.

#13 NguzoYaStima (Bungoma)

Wadau mnazungumza njia za karatasi, mimi nazungumza njia za barabarani. Nendeni nje ya ofisi zenu mkaangalie juu. Faiba ya A na faiba ya B zimefungwa kwenye nguzo ileile ya stima, mara nyingine kwa waya uleule. Lori likigonga nguzo, umepoteza zote mbili kwa sekunde moja. Na wakipanua barabara, tingatinga halichagui mtoa huduma. Kuna watoa huduma ambao hawana faiba yao kabisa kutoka huku hadi Nairobi, wanakodisha kwa mwenzao. Unalipa ankara mbili kwa njia moja.

Kabla ya kununua laini ya pili, uliza kwa maandishi: mnapita wapi kutoka mjini kwangu hadi Nairobi, na mnakodisha kwa nani? Wengine watakwepa swali. Ukiona wanakwepa, chukua laini ya pili isiyo ya waya. Antena au ya setilaiti. Polepole, lakini haipiti kwenye ile nguzo.

#14 AS_Mtaani (Kisumu)

Hoja nzito, na inaendelea hadi baharini. Februari 2012 nanga ya meli ilikata kebo ya TEAMS pale Mombasa. Mapema 2024 nyaya za Bahari ya Shamu zilikatika, SEACOM ikiwa mojawapo. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kwa pamoja upande wa kusini, na Kenya nzima ikasikia. Watoa huduma wawili wanaotegemea kebo zilezile ni mtoa huduma mmoja mwenye nembo mbili, angalau siku hiyo.

Kupima ni rahisi. Fanya traceroute (orodha ya ruta zinazopitiwa) kupitia A na kupitia B kwenda sehemu moja ya ng'ambo, linganisha majina ya ruta za katikati. Kisha fanya moja kutoka A kwenda anwani yako ya B. Watoa huduma wawili wa Kenya wanapaswa kukutana KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana trafiki. Nuru kwenye faiba inakwenda takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, na Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350 tu kutoka Kisumu, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde chache. Ukiona zaidi ya 100, pakiti yako ya kutoka Milimani kwenda Milimani huenda imepitia Ulaya.

Kabla ya KIXP hiyo ndiyo ilikuwa kawaida. Vijana hamjui: TESPOK, chama cha watoa huduma, waliifungua Novemba 2000, Telkom Kenya ikalalamika kwamba inaingilia haki yake ya pekee, CCK, mdhibiti wa mawasiliano wa wakati huo, ikaifunga baada ya muda mfupi sana, ikafunguliwa tena Februari 2002. Watu walipigana ili barua pepe ya Kenya kwenda Kenya isivuke bahari.

#15 MamaDuka_Net (Kisumu, Mamboleo)

Hamjambo nyote. Mimi nina faiba na Starlink dukani, na nagawia majirani waifai. Kwenye Starlink kamera haiingiliki kabisa, hata baada ya kuweka alama kama alivyosema LangoLaMilimani. Na kuna tovuti zinakawia kufunguka tangu niwashe IPv6. Nisaidieni, wanangu.

#16 LangoLaMilimani (Kisumu)

Mama, shikamoo. Ni mambo mawili tofauti.

La kamera: kifurushi cha kawaida cha Starlink kinakupa anwani ya IPv4 inayoanza na 100.64 hadi 100.127, bloku ya 100.64.0.0/10 iliyotengwa mwaka 2012 kwa NAT ya watoa huduma. Hiyo si anwani ya dunia, mko wengi nyuma ya moja. Hakuna alama itakayosaidia, kwa sababu pakiti ya kuingia haifiki kwako tangu mwanzo. Watoa huduma wa faiba na wa simu pia wanaitumia bloku hiyo, kwa hiyo angalia faiba yako kabla ya kulaumu sahani. Njia ya kupita ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya dunia na kuifungulia handaki la WireGuard (muunganisho uliosimbwa) kutoka dukani. Handaki linaanzia ndani, kwa hiyo NAT hailizuii, na laini ikihama seva inafuata anwani mpya yenyewe. Ukurasa ukiganda kwenye handaki, ni ukubwa wa pakiti: WireGuard kwa kawaida inatumia baiti 1420, basi punguza MSS (ukubwa wa data kwenye kila pakiti ya TCP) kwenye ruta.

La IPv6: laini mbili zikitangaza IPv6 kwa wakati mmoja, kila simu ya jirani inapata anwani mbili, moja ya faiba na moja ya Starlink, na simu yenyewe ndiyo inayochagua itumie ipi. Ruta haijaulizwa. Simu ikichagua anwani ya Starlink na ruta ikaipitisha kwenye faiba, faiba anaitupa. Ni ugonjwa uleule wa kamera wa posti ya kwanza, safari hii bila NAT ya kuuficha. Weka kanuni inayotazama anwani chanzo: yenye kiambishi cha Starlink ipite Starlink, ya faiba ipite faiba. Kama ruta haiwezi, tangaza IPv6 ya laini moja tu.

Na Mama, kuwagawia majirani kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na soma pia mkataba wa kifurushi chako. Nakutajia tu.

#17 MamaDuka_Net (Kisumu, Mamboleo)

Marahaba mwanangu. Nimezima IPv6 ya sahani, tovuti zimerudi. Hilo la leseni tutaongea pembeni.

#18 SaibaSection58 (Nakuru)

Mrejesho. Nimeweka `src-address`, nimeitoa fasttrack kwa zenye alama. Fomu zinakamilika, hakuna aliyetolewa nje leo. Swali la mwisho: mteja mmoja anapakua faili kubwa, anapata speed ya laini moja tu. Nilipokuwa na ule mgawanyo wa milango speedtest ilionyesha zote mbili zimejumlishwa. Nimepoteza nini?

#19 LangoLaMilimani (Kisumu)

Hujapoteza kitu ulichokuwa nacho. Speedtest inafungua miunganisho mingi kwa pamoja, mgawanyo wa milango ukaitawanya, namba ikapendeza. Upakuaji wa faili kwa muunganisho mmoja haukuwahi kuzidi laini moja hata wakati ule, na hauwezi, kwa sababu upande wa pili unaona anwani mbili tofauti na hajui ni mtu mmoja.

Kujumlisha kweli kunahitaji kituo cha upande wa pili kinachokujua: seva kwenye kituo cha data, ikusanye pakiti za laini zote mbili na kuzitoa kwa anwani moja. Wanaouza SD-WAN (mifumo ya kusimamia laini kadhaa) wengi wanauza hicho. Unaweza kujijengea kwa MPTCP, TCP inayotumia njia kadhaa kwa pamoja, kwenye Linux. Lakini kila pakiti itapitia kwanza ile seva, na laini zikitofautiana sana kwa ucheleweshaji, ya haraka itakuwa inaisubiri ya polepole. Kwa saiba ya fomu, usijisumbue. Mpe huyo wa mafaili makubwa mashine iliyo kwenye laini nzuri.

#20 FundiMkali (Kondele)

Skripti ya kufuta UDP imefanya kazi kliniki. Nimeichomoa A mbele ya daktari, simu ikakatika, akapiga tena ikatoka B. Atakayeitaka aniandikie, ni ya toleo la 7, ya 6 sina.

#21 MwalimuWaMaabara (Kakamega)

Nami nimefanya traceroute kutoka laini yetu ya kwanza kwenda ya pili. Milisekunde 11, kupitia Nairobi. Halafu nikatoka nje kuangalia nguzo, kama alivyosema ndugu wa Bungoma. Ni nguzo moja. Nimeandika maombi ya laini ya antena, bodi inakaa mwezi ujao.